Wiki ya Hope na Calvin: Kufuata Watani wa Kikapu Michigan

Jumanne, Chicago kwenda Grand Rapids

Treni ya Pere Marquette hutoka Chicago mara moja tu kwa siku, jioni, na ukiikosa unalala mjini. Nilifika Union Station mapema, nikanunua chai na mkate, nikakaa karibu na lango. Reli inazunguka pembe ya kusini ya Ziwa Michigan, inakata Indiana, kisha inapanda kaskazini kupitia St. Joseph na Bangor hadi Holland, na kituo cha mwisho ni Grand Rapids. Miji hiyo miwili ya mwisho ndiyo iliyonitoa Dar es Salaam. Kila mmoja una chuo kidogo cha Kikristo, na vyuo hivyo vimeviziana kwenye mpira wa kikapu kwa zaidi ya miaka mia: Hope wa Holland na Calvin wa Grand Rapids.

Wengi wetu Tanzania tulianza kufuatilia kikapu cha vyuo vya Marekani kwa sababu ya Hasheem Thabeet, enzi zake pale Connecticut, kabla hajachaguliwa wa pili kuingia NBA mwaka 2009. Ile ni Divisheni ya Kwanza, ya televisheni na pesa nyingi. Hope na Calvin wako Divisheni ya Tatu, ambako chuo hakiruhusiwi kumsomesha mtu bure kwa sababu anajua mpira. Kijana analipa karo yake, au anapata msaada wa masomo kwa vigezo vile vile vya mwenzake asiyejua hata kudunda mpira, halafu jioni anakwenda mazoezini. Na bado, Januari 1997, walipouhamishia mchezo wao Van Andel Arena katikati ya Grand Rapids, waliingia watu 11,442. Divisheni ya Tatu haikuwa imewahi kuona umati kama huo. Tangu niione namba hiyo nimekuwa nikitaka kujua ni kitu gani kinawatoa watu majumbani usiku wa Januari, kwenye baridi ile, waende kuwatazama wanafunzi wa baiolojia na uhasibu.

Jibu lilianza kunijia humo humo ndani ya treni. Mbele yangu alikaa mwanamume wa makamo mwenye kofia ya rangi ya chungwa, rangi ya Hope. Ng'ambo ya njia alikuwepo mama mwenye skafu nyekundu iliyoiva, rangi ya Calvin. Hawakuwa wakifahamiana. Mchezo ulikuwa Jumamosi, lakini hata Indiana hatujaimaliza, maneno yakaanza.

"Makombe ya taifa mnayo mangapi vile?" mama aliuliza, kwa upole kabisa.

Mwenye kofia akacheka, kwa sababu jibu analijua kila mtu wa upande ule. Calvin walitwaa ubingwa wa Divisheni ya Tatu mwaka 1992 na tena 2000. Hope walifika fainali ya 1996 wakafungwa na Rowan, wakarudi 1998 wakafungwa na Wisconsin-Platteville.

"Fainali mbili ndani ya miaka mitatu," alijitetea.

"Kufika mlangoni si kuingia."

"Sawa. Lakini hesabu ya sisi kwa sisi je?"

Hapo mama akawa mwangalifu. Wamekutana takriban mara 200, na hakuna aliyemwacha mwenzake mbali. Hilo ni jambo la ajabu ukilifikiria: vizazi na vizazi vya wachezaji, makocha wamekuja wakaondoka, kanuni zimebadilika, na mizani bado haijalala upande wowote.

Walibishana hadi Bangor. Tulipokaribia Holland yule bwana alisimama, akalishusha begi la mama kutoka rafu ya juu, akaliweka miguuni pake ili asihangaike kule mwisho, halafu akamwambia, "Jumamosi msilie." Akashuka.

Jumatano, Grand Rapids

Shemeji yangu anaishi Kentwood, kusini mashariki mwa jiji. Nilipoamka theluji ilikuwa imefika magotini na majirani wanakwangua njia za magari. Eneo hili lina Wakongo wengi waliokuja kama wakimbizi, na Kiswahili cha Kivu kinasikika dukani, kanisani, kituo cha basi. Jirani wa shemeji ni mzee mmoja wa Bukavu, na kila mtu anamwita Papa. Alikuja kunisalimia akiwa bado na koleo la theluji mkononi. Alipojua kilichonileta alishangaa kidogo, kisha akasema amewahi kufanya kibarua cha usafi siku ya mchezo mmoja wa Calvin.

"Batoto habalipwe hata franga moja," aliniambia, "na batu banajaa pale mupaka mulango!"

Tukaenda Calvin. Chuo kimekaa kwenye lililokuwa shamba la Knollcrest, walilolinunua miaka ya 1950 walipobanwa katikati ya jiji. Barabara ya East Beltline inapita katikati ya eneo lao, na juu yake kuna daraja lililofunikwa la waenda kwa miguu. Uwanja wao, Van Noord Arena, ulifunguliwa 2009 na unachukua watu wapatao 5,000. Kwa chuo chenye wanafunzi wachache hivyo, ukumbi wa ukubwa huo unakueleza mwenyewe nini kinathaminiwa.

Asubuhi jengo la michezo linakuwa la wastaafu. Wanatembea kwenye njia ya ndani mizunguko yao, kisha wanakaa na vikombe vya kahawa. Shemeji anamfahamu mmoja wao kutoka kazini, kwa hiyo tulivutiwa viti. Nilidhani nitawauliza maswali. Haikuhitajika, maongezi yalikuwa yamepamba moto kabla hatujafika.

Hoja ya siku ilikuwa mpira wa Kimarekani. Kwa miaka yote Calvin hawakuwa na timu ya mchezo huo, na Hope wanayo tangu zamani. Mwaka 2024 Calvin wakaanzisha ya kwao. Mzee mmoja alisema hilo ndilo kosa kubwa alilolishuhudia pale, kwamba utani wenye nguvu unahitaji uwanja mmoja wa kukutania, na ukiugawa utapoa. Mwenzake akamkatalia: wajukuu zake wanataka kumpiga Hope mwezi wa kumi pia, kwa nini wasubiri hadi Januari? Wa tatu akasema yeye haoni shida yoyote, ila asiambiwe kwamba kundi la watu hamsini waliovaa kofia ngumu litamgusa kama mtupo mmoja wa dakika ya mwisho, ambapo uso wa kijana anauona na mama yake kijana amekaa safu mbili mbele.

Mimi niko na huyu wa tatu. Ukumbi wa kikapu unakuweka karibu mno na mchezaji. Unasikia viatu vikilia sakafuni, unamsikia kocha akitaja jina la mtu, unaona mkono unavyotetemeka kwenye mtupo huru. Uadui wa michezo unakua vizuri mahali pa karibu kama hapo.

Kisha wakahamia kwenye hofu nyingine, na hapa sauti zilishuka. Siku hizi mchezaji anahama chuo kirahisi. Akifanya vizuri Divisheni ya Tatu, vyuo vikubwa vinamwona. Walimtaja Duncan Robinson, aliyeanza Williams, chuo kidogo cha Massachusetts, akahamia Chuo Kikuu cha Michigan, na baadaye akafika Miami Heat ya NBA. Wote walifurahi kwa ajili yake. Lakini mzee mmoja aliuliza: ikiwa kijana anakaa mwaka mmoja tu, nani atamkumbuka alivyotufunga? Kwao kumbukumbu ya adui ni mali. Wanawataja wachezaji wa Hope wa miaka ya themanini kwa majina yao yote mawili, mtaa waliotoka na mkono waliotumia.

Alhamisi, Holland

Kutoka Grand Rapids hadi Holland ni nusu saa ya gari kwenye barabara kuu ya 196, zaidi kidogo theluji ikishuka. Nilipoingia katikati ya mji nilidhani theluji haikunyesha huku: barabara kavu, njia za miguu kavu. Kumbe chini kuna mabomba ya maji ya moto yanayotoka kwenye mtambo wa umeme wa mji, wamekuwa wakiyalaza tangu 1988. Watu wanatembea kwa viatu vya kawaida huku juu ya mapaa kumelala theluji ya futi nzima.

Mji huu ulianzishwa 1847 na Waholanzi waliokuja na mchungaji wao, Albertus Van Raalte. Walikuwa maskini, wamekimbia njaa na bughudha za kanisa la serikali kwao. Punde wakajiunga na kanisa la Waholanzi lililokuwapo Marekani tangu zamani, lile la Reformed Church. Wengine hawakuridhika, waliona ndugu zao wamelegea. Mwaka 1857 wakajitoa wakaunda la kwao, Christian Reformed. Kanisa la kwanza ndilo lililolea Hope, iliyopata hati yake 1866. Lile lililojitenga likafungua shule ya kufundishia wachungaji mwaka 1876 huko Grand Rapids, na hiyo ndiyo ikawa Calvin.

Msomaji wa Dar ataelewa haraka. Yanga ilianza 1935, mwaka uliofuata kundi likajitoa, na timu waliyoiunda ndiyo Simba ya leo. Watani wa jadi wakubwa huwa ni watu wa nyumba moja waliogawana vyombo. Mgeni kutoka mbali humchukii hivyo. Hujui hata kasoro zake.

Mbele ya jengo la zamani kwenye chuo cha Hope kuna nanga kubwa ya chuma. Van Raalte aliiita shule hiyo nanga ya tumaini la watu wake, na nanga imebaki kuwa alama yao hadi kwenye fulana za michezo. Wanafunzi wawili walikuwa wanaipangusa theluji kwa mikono ya makoti yao. Niliwauliza kama ni kazi wamepewa. Hapana, wanataka tu ionekane vizuri wiki hii, Calvin wanakuja.

Mchana nilikaribishwa kwa wazee wawili, mume na mke, marafiki wa mwajiri wa shemeji. Mzee alisoma Calvin, mama alisoma Hope, na wameoana zaidi ya miaka arobaini. Tulikula supu ya njegere kavu na vile vimikate vyenye soseji ndani ambavyo Waholanzi wa huku hawaachi kuvipika. Kwenye jokofu kuna sumaku za rangi mbili, chungwa kushoto na nyekundu kulia, na hakuna iliyovuka mpaka.

Baada ya supu mama alileta daftari. Ni daftari la kawaida la mistari, jalada limechanika na kubandikwa gundi ya karatasi. Ndani yake kuna kila mchezo wa Hope na Calvin tangu walipofunga ndoa: tarehe, uwanja, pointi, na sentensi moja. Kanuni yao ni kwamba aliyeshindwa ndiye anayeandika. Kwa hiyo hati za mkono zinapokezana ukurasa hadi ukurasa, ya mzee imelala, ya mama imesimama, na ukilifungua popote unaona mara moja ni nani aliyekuwa na miaka migumu. Sentensi nyingine ni fupi sana. Moja inasema, "Mitupo huru, kama kawaida." Nyingine: "Theluji. Tulirudi bila kuongea hadi Zeeland."

Nilitumia saa nzima na daftari hilo. Nimesoma takwimu nyingi za kikapu maishani, za ligi kubwa na za mashindano yetu ya pale Don Bosco Upanga, na sijawahi kuona zilizotunzwa na mtu aliyeumia kuziandika.

Mzee alinieleza kuhusu Civic Center, ukumbi wa mji ambako Hope walicheza kwa miongo mingi hadi 2005. Paa la chini, joto, watu wamebanana, na mgeni akirusha mpira kutoka pembeni anahisi pumzi za mashabiki shingoni. Yeye kama mtu wa Calvin aliuchukia ukumbi ule kwa moyo wote, na sasa anaukumbuka kuliko mwingine wowote. Mwaka 2005 Hope wakahamia DeVos Fieldhouse, mahali pazuri, penye viti zaidi ya 3,000. Jina ni la Richard DeVos, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya Amway, aliyekuwa pia mmiliki wa Orlando Magic, timu ya NBA. Familia yake ilichangia ujenzi. "Na alipita Calvin akiwa kijana," mzee aliniongezea, akimwangalia mkewe. "Sisi ndio tuliowajengea."

Mama akasema asante, na supu ipo tele kama anataka kuongezewa.

Ijumaa, Holland

Theluji ya ziwa siku nzima. Upepo wa baridi unapita juu ya maji ya Ziwa Michigan ambayo bado yana joto kuliko hewa, unabeba unyevu, unautupa wote pwani hii. Tiketi zimekwisha. Mama alikuwa na yangu kwenye bahasha tangu mwezi uliopita, na nilimshukuru mara nyingi kuliko inavyostahili. Jioni nilipiga simu nyumbani.

Jumamosi, DeVos Fieldhouse

Mchezo ni saa tisa alasiri. Saa sita mchana foleni ya wanafunzi ilikuwa imezunguka jengo. Wengine wamejipaka chungwa na buluu usoni, wamekunja mikono kwapani kwa baridi. Basi la Calvin lilipoingia walizomea kwa furaha, na wachezaji wa Calvin waliposhuka, wawili watatu waliwapungia watu fulani kwenye foleni. Nilimuuliza kijana aliyekuwa karibu. Akasema yule mrefu alisoma naye sekondari. Holland Christian, shule ya mji huu huu, ina mizizi ya kanisa la Calvin, kwa hiyo kila mwaka kuna watoto wa Holland wanaovaa jezi nyekundu na watoto wa Grand Rapids wanaovaa ya chungwa. Kuna familia ambazo uamuzi huo hujadiliwa mezani kwa miezi.

Tulikaa watatu, mama kulia, mzee kushoto, mimi katikati, kwa makubaliano. Mtoto wao wa kiume alipiga simu kutoka Colorado. Yuko kwenye ukumbi ambako wahitimu wa vyuo vyote viwili wanatazama kwa pamoja. Ofisi za wahitimu za pande zote hushirikiana kupanga mikusanyiko ya aina hiyo miji mbalimbali, siku ya mchezo huu. "Kaa mbali na wale wa mama yako," mzee alimwambia.

Kwa aliyezoea kanuni za kimataifa, macho yanatulia haraka: mstari wa pointi tatu wa wanaume uko umbali ule ule wa mita 6.75. Tofauti kubwa ni muda. Hawana robo nne. Wana vipindi viwili vya dakika 20, na timu inapewa sekunde 30 za kushambulia badala ya 24. Sekunde sita hizo zinabadilisha mchezo mzima. Timu hazikimbilii kutupa. Mpira unazunguka, senta anapandisha kizuizi, mlinzi anakata nyuma, na walinzi wa upande wa pili wanalazimika kuwa makini muda wote huo huku ukumbi mzima ukihesabu. Hope na Calvin wanajuana kiasi kwamba mlinzi alikuwa anafika mahali kabla ya pasi. Mara kadhaa nilimwona mchezaji akitaja kwa sauti mpango wa wapinzani wake, naye hakukosea.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha mabega na viwiko. Watupaji walikuwa baridi, rebaundi ziligombewa na watu wanne wanne. Mama hakukaa. Mzee hakusimama, lakini mguu wake wa kulia ulipiga sakafu dakika zote 20. Mbele yetu ameketi bibi mmoja mwenye umri mkubwa, na kila Hope walipobadilisha mchezaji aligeuka kunifahamisha: huyu anasoma uuguzi, huyu baba yake alicheza hapa, huyu goti lilimsumbua mwaka mzima uliopita, mpigie makofi. Nikapiga.

Zilipobaki dakika mbili pengo lilikuwa pointi moja. Kijana mmoja alifanyiwa faulo akienda kikapuni, akaenda mstarini kutupa mitupo miwili. Nyuma ya ubao wanafunzi waliruka, wakapunga mataulo, kelele ikawa nzito hadi nikaihisi kwenye meno. Kijana aliinama, akafuta nyayo za viatu vyake kwa viganja, kulia kisha kushoto, akajipangusa kwenye kaptula. Akadunda mara tatu. Wa kwanza uligonga pete mbele, ukapanda, ukaingia. Kwenye wa pili alitulia zaidi. Mzee alikuwa amenishika mkono juu ya kiwiko na nadhani hakujua. Mpira ulipita bila kugusa chuma.

Matokeo sitayaandika. Niliahidi mapema, maana nimekula kwao wote wawili, na pale nyumbani daftari lina utaratibu wake. Filimbi ilipolia, nusu ya ukumbi ilibaki imekaa na nusu ikamwagika sakafuni. Wachezaji wakapanga mstari wakashikana mikono. Yule mrefu wa Calvin na kijana mmoja wa Hope walijitoa kwenye mstari wakakumbatiana, wakabaki wakizungumza, mmoja amefunika mdomo kwa jezi. Baadaye familia zilishuka, koti za chungwa na nyekundu zikachanganyika, na nikaona watu wa pande mbili wakipangana nani atambeba bibi nani kwenye gari lenye matairi ya theluji.

Usiku, mezani, aliyeshindwa alivaa miwani akafungua daftari. Aliandika tarehe, uwanja na pointi. Mwenzake alisimama nyuma ya kiti akihakiki tarakimu. Sentensi ilichukua muda. Ilipomalizika walinionyesha: "Tulikuwa na mgeni, naye ameona."

Jumapili, Holland

Hawachezi Jumapili, wala hawakuwahi kuupenda mchezo wa Jumapili, na hilo vyuo vyote viwili vinakubaliana. Wazee wangu husali kwa zamu, wiki hii kanisa la mume, wiki ijayo la mke. Mahubiri yalikuwa marefu na mazuri. Mchezo haukutajwa madhabahuni, lakini baada ya ibada, kwenye ukumbi wa kahawa, hapakuwa na mada nyingine.

Duru kubwa ilimzunguka mzee aliyedai kwamba hakuna kocha atakayefanana na Glenn Van Wieren, aliyewafundisha Hope kuanzia 1977 hadi 2010 na kushinda michezo zaidi ya 600. Wa Calvin walikubali, jambo lililonishangaza. Mmoja wao alisema alitumia ujana wake wote akitamani mtu yule astaafu, na siku alipostaafu alijikuta amepungukiwa. Hakuna aliyemcheka. Kichwa kiliinamishwa hapa na pale.

Msichana aliyekuwa anagawa biskuti aliwakatiza. Kwa nini, aliuliza, kila wakisema Hope na Calvin wanamaanisha wavulana? Timu ya wanawake ya Hope imekuwa bingwa wa taifa 1990, 2006 na 2022. Ukihesabu makombe kwa haki, chuo kilichomshinda mwenzake kinajulikana. Watu wa Calvin wakaanza kutafuta sukari. Mama yangu mwenyeji alimpigia makofi. Nami naona msichana yule alitoa hoja iliyo bora kuliko zote nilizozisikia wiki nzima, maana treni nzima hadi Bangor tulihesabu makombe na hakuna aliyeyakumbuka hayo matatu.

Walijibu, bila shaka. Mmoja akasema hata kwa wanawake Calvin wana historia yao nzuri. Mwingine akarudisha mizani ya jumla. Bibi mmoja akauliza ni lini mara ya mwisho ukumbi ulijaa hivi kwa wasichana, na kama haukujaa kosa ni la nani. Swali hilo lilikaa mezani muda mrefu kuliko kahawa. Wanaume wawili waliahidi watakwenda Jumatano.

Jioni shemeji alinifuata. Mzee na mama walitusindikiza hadi garini bila kofia, wakasimama kwenye theluji wakibishana kama faulo ile ya dakika mbili ilikuwa halali.

Jumatatu, Grand Rapids

Treni ya kurudi Chicago ni saa kumi na mbili asubuhi, giza bado. Shemeji alinipeleka kituoni, na Papa akaja naye, eti hawezi kuacha mgeni aondoke na mtu mmoja. Njiani walinihoji kama polisi: nani alicheza vipi, ukumbi ulikuwaje, kweli wanafunzi wale hawapati kitu? Nikawaeleza habari za daftari, na Papa akataka nirudie sehemu ya aliyeshindwa kuandika.

Mchezo wa marudiano utakuwa Van Noord, dakika chache kutoka kwao. Ligi yao, MIAA, ni ya tangu 1888, kongwe kuliko zote za vyuo Marekani, na kila timu inakutana na mwenzake nyumbani na ugenini. Wakikutana tena kwenye mashindano ya kufunga msimu wa ligi itakuwa mara ya tatu. Shemeji ana watoto wawili ambao hawakuwahi kukanyaga ukumbi ule ingawa basi la shule linaupita kila siku. Mkubwa ameshachagua Calvin kwa kuwa ni jirani. Mdogo, nilipompa skafu ya chungwa niliyoinunua Holland, hakuivua hata kulala, na mama yao anasema mezani hakukaliki tena.

Papa anataka tiketi nyuma ya ubao, pale penye kelele. Shemeji amemwambia viti hivyo ni vya wanafunzi. Papa amesema atawaomba wanafunzi. Tiketi zinaanza kuuzwa Alhamisi, na shemeji ameshaweka kengele kwenye simu.